Hedifoni kwanza, kadi ya sauti baadaye: Mwongozo kwa wachezaji wa michezo ya kompyuta

MCHEZAJI wa michezo ya kompyuta anayetaka kuzisikia nyayo za adui kabla adui huyo hajamwona, hukabiliwa na swali moja mara tu afikapo dukani. Je, fedha aliyonayo anunulie kadi ya sauti, au anunulie hedifoni zilizo bora?

Kwa wachezaji walio wengi, hedifoni ndizo zinazopaswa kutangulia. Kadi ya sauti hununuliwa pale tu panapokuwa na kasoro inayosikika kwa sikio, na ambayo kadi hiyo ina uwezo wa kuiondoa.

Anayefanya kinyume cha hapo anaweza kutumia fedha nyingi bila kusikia tofauti yoyote. Baya zaidi, anaweza kujikuta na chombo chenye nguvu ya kuyaumiza masikio yake, ilhali hakimsaidii kushinda hata mchezo mmoja.

Kazi ya kadi ya sauti

Ndani ya kompyuta, sauti ni tarakimu tupu. Mlio wa bunduki, hatua za miguu na muziki wa mchezo vyote huhifadhiwa kama mfululizo wa namba, na sikio la binadamu haliwezi kusikia namba.

Kadi ya sauti hufanya kazi tatu. Kwanza, huzigeuza namba hizo kuwa mkondo wa umeme unaopanda na kushuka. Pili, huukuza mkondo huo hadi uweze kusukuma spika ndogo zilizomo ndani ya hedifoni. Tatu, huipokea sauti ya mchezaji kutoka kwenye maikrofoni na kuigeuza kuwa namba ili iwafikie wenzake.

Kila kompyuta ya kisasa yenye tundu la hedifoni tayari inayo chipu inayofanya kazi zote tatu. Chipu hiyo imebandikwa kwenye ubao mama, au mazabodi kama mafundi wengi wanavyouita. Kwa hiyo anayenunua kadi ya sauti hanunui kitu ambacho kompyuta yake haina, bali ananunua mbadala wa kitu ambacho tayari anacho.

Enzi ambayo kadi ilikuwa ya lazima

Hali haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kompyuta binafsi ya IBM iliyotoka mwaka 1981 ilikuwa na spika moja ndogo ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kutoa mlio wa kumjulisha mtumiaji kwamba kuna hitilafu.

Mwaka 1987 kampuni ya AdLib ya Quebec, Canada, ilitoa kadi iliyotumia chipu ya Yamaha kutunga muziki, na michezo ya kompyuta ikaanza kuwa na nyimbo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1989, kampuni ya Creative ya Singapore, iliyoanzishwa mwaka 1981 na Sim Wong Hoo pamoja na mwenzake Ng Kai Wa, ilitoa kadi iliyoitwa Sound Blaster.

Kadi hiyo iliweza kupiga muziki ulioandikwa kwa ajili ya AdLib, na juu ya hapo ikaweza kutoa sauti zilizorekodiwa, kama vile maneno ya mtu au kishindo cha bomu. Aidha, ilikuwa na tundu la kuchomeka usukani wa michezo. Kwa muda mrefu baada ya hapo, mchezo uliohitaji sauti nzuri uliandikwa kwenye boksi lake kwamba unahitaji kadi inayoendana na Sound Blaster.

Ushindani ulifikia kilele mwaka 1998. Creative ilitoa Sound Blaster Live!, iliyokuja na mfumo wa EAX uliowezesha mchezo kuiga mwangwi wa pango, ukumbi au njia nyembamba. Mpinzani wake, kampuni ya Aureal ya Marekani, ilikuwa na mfumo wake uitwao A3D, uliojaribu kumwonyesha mchezaji sauti inatoka upande gani hasa.

Kampuni hizo mbili zilifikishana mahakamani kwa madai ya hataza. Aureal ilishinda kesi iliyofunguliwa na Creative, lakini gharama za kesi ziliidhoofisha mno. Mwaka 2000 ilifilisika, na mali zake zikanunuliwa na Creative yenyewe.

Kwa nini kadi ilipoteza nafasi yake

Mambo mawili yaliiondoa kadi ya sauti kwenye orodha ya vitu vya lazima.

Jambo la kwanza lilitoka kwa kampuni ya Intel, ambayo mwaka 1997 ilitoa mwongozo wa kuweka sauti kwenye mazabodi uliojulikana kama AC'97, na mwaka 2004 ikaubadilisha kwa mwongozo bora zaidi uitwao HD Audio. Tangu hapo chipu ya sauti ikawa kitu cha kawaida ndani ya kompyuta, na ubora wake ukaendelea kupanda.

Jambo la pili lilitoka kwa Microsoft. Mfumo wa Windows Vista, uliofika kwa wanunuzi wa kawaida mwaka 2007, uliandika upya njia ambayo sauti hupita ndani ya kompyuta. Katika mabadiliko hayo, njia iliyoziwezesha kadi kuchakata sauti za michezo moja kwa moja iliondolewa, na EAX ikapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake.

Wakati huohuo prosesa kuu za kompyuta zilikuwa zimepata uwezo mkubwa kiasi kwamba kukokotoa mwangwi na mwelekeo wa sauti hakukuwa tena mzigo mzito kwao. Kazi iliyokuwa ya kadi ikahamia ndani ya mchezo wenyewe.

Hii ndiyo sababu ushauri uliokuwa sahihi mwaka 2000 unaweza kumpotosha mnunuzi wa leo. Mchezo wa sasa hukokotoa wenyewe sauti itakavyokuwa, kisha huikabidhi kadi ikiwa imekamilika. Kadi hubaki na kazi ya kuifikisha sauti hiyo ikiwa safi na yenye nguvu ya kutosha.

Masikio yanavyotambua mwelekeo

Ili kufahamu kwa nini hedifoni zina uzito kuliko kadi, yafaa kuelewa namna binadamu anavyotambua sauti inakotoka.

Mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alieleza mwaka 1907 kwamba ubongo hutumia tofauti kati ya masikio mawili. Sauti inayotoka kulia hufika kwenye sikio la kulia kabla ya kufika kushoto. Kwa kuwa sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde hewani, tofauti hiyo haizidi sana 0.7 ya milisekunde, lakini ubongo huitambua.

Tofauti ya pili ni ya ukubwa wa sauti. Kichwa huziba sehemu ya sauti, hasa sauti nyembamba, hivyo sikio lililo upande wa mbali husikia sauti iliyofifia.

Njia hizo mbili hutosha kutenganisha kulia na kushoto, lakini hazitoshi kutenganisha mbele na nyuma, wala juu na chini. Hapo ndipo mikunjo ya sikio la nje inapofanya kazi yake. Sauti inayotoka nyuma hugonga mikunjo hiyo kwa namna tofauti na inayotoka mbele, na ubongo umejifunza tangu utotoni kuzisoma tofauti hizo.

Michezo mingi ya kisasa huiga mambo yote hayo kwa hesabu. Hesabu hizo hujulikana kwa kifupi cha HRTF, na mchezaji wa Valorant, kwa mfano, atakikuta kifupi hicho kwenye mipangilio ya sauti ya mchezo huo. Mchezo huichelewesha sauti kidogo upande mmoja, huipunguza nguvu na kuibadilisha rangi, kama vile kichwa na sikio vingefanya.

Jambo muhimu kwa mnunuzi ni kwamba hesabu hizo huhitaji njia mbili tu za sauti, ya kushoto na ya kulia. Binadamu ana masikio mawili, na hedifoni za kawaida zenye spika moja kila upande zinatosha kabisa.

Ukweli kuhusu 7.1

Boksi nyingi za hedifoni za michezo hubeba maandishi makubwa ya 7.1. Namba hiyo ilitoka kwenye majumba ya sinema na sebule, na maana yake ni spika 7 zilizopangwa kumzunguka msikilizaji pamoja na spika 1 ya besi.

Zipo hedifoni chache zilizowahi kutengenezwa zikiwa na spika nyingi ndogo kila upande. Nyingi zaidi, hata hivyo, zina spika mbili tu kama hedifoni nyingine zote, na hiyo 7.1 ni programu inayokuja nazo au kifaa kidogo cha USB kinachofanya hesabu zinazofanana na zile za HRTF.

Huduma ya namna hiyo haina ulazima wa kununuliwa. Windows 10 ilipata mfumo wa Windows Sonic mwaka 2017, ambao hautozwi malipo, na Windows 11 inao pia. Mfumo wa Dolby Atmos kwa hedifoni nao unapatikana kwenye Windows, ila huo hulipiwa.

Tatizo hujitokeza mchezaji anapowasha kila kitu kwa pamoja. Mchezo ukishakokotoa mwelekeo, kisha Windows ikakokotoa tena, na programu ya hedifoni ikaongeza ya tatu, sauti huvurugika na nyayo husikika kama zinatoka kila upande.

Kanuni ni moja: hesabu ya mwelekeo ifanywe mahali pamoja tu. Mchezo ukiwa na HRTF yake, iwashwe hiyo na nyingine zote zizimwe. Mchezo usipokuwa nayo, ndipo Windows Sonic au programu nyingine itumike. Mnunuzi aliyekwisha kuwa na hedifoni anaweza kuufanya mpangilio huu leo bila kutoa hata senti, na huenda akaona kwamba hahitaji kununua chochote.

Namna ya kuchagua hedifoni

Uamuzi wa kwanza ni kati ya hedifoni zilizofungwa na zilizo wazi. Zilizofungwa zina kifuniko kigumu nyuma ya spika, hivyo kelele za nje hupungua na sauti ya mchezo haiwasumbui walio karibu. Hizo zinamfaa anayecheza sebuleni penye watu, kwenye chumba cha kulala watu wawili au kwenye banda la michezo.

Zilizo wazi zina matundu nyuma ya spika. Sauti yake huonekana kuwa na nafasi zaidi, kana kwamba inatoka chumbani na si ndani ya kichwa, na masikio hayapati joto haraka. Lakini feni ya kompyuta, televisheni na mazungumzo ya jirani vyote huingia bila kizuizi. Mchezaji asiye na chumba tulivu hatafaidika nazo.

Uamuzi wa pili unahusu ukinzani, unaopimwa kwa omu na kuandikwa kwenye boksi. Hedifoni nyingi za michezo zina kati ya omu 16 na 64, na hizo hufanya kazi vizuri kwenye tundu la kompyuta au la simu. Baadhi ya hedifoni za studio zina omu 250 au 300, na hizo zinahitaji volti kubwa zaidi.

Mfano mdogo wa hesabu unaonyesha tofauti hiyo. Ili kupeleka nguvu ya miliwati 1 kwenye hedifoni ya omu 32, inahitajika volti 0.18 hivi. Kupeleka nguvu hiyohiyo kwenye hedifoni ya omu 250 kunahitaji volti 0.5, ambayo ni karibu mara tatu.

Ukinzani peke yake hautoshi. Lipo pia kadirio la wepesi wa hedifoni, linaloonyesha hutoa desibeli ngapi kwa kila miliwati 1. Hedifoni yenye desibeli 100 au zaidi kwa miliwati 1 ni nyepesi kusukumwa, na yenye desibeli 90 tu itahitaji nguvu mara 10 ili ifikie sauti ileile.

Vipimo vingine vinavyopambwa kwenye boksi havistahili uzito mkubwa. Upana wa spika, kama milimita 40 au 50, hausemi lolote la uhakika kuhusu ubora. Vilevile, masafa yanayozidi hezi 20,000 hayamsaidii mchezaji, kwa kuwa sikio la kijana mwenye afya njema husikia kati ya hezi 20 na hezi 20,000 tu, na kiwango cha juu hushuka kadiri umri unavyoongezeka.

Besi nzito nayo inapaswa kuangaliwa kwa tahadhari. Hufanya mabomu yatikise kichwa, lakini hufunika sauti ndogo zinazobeba habari, kama vile hatua za miguu, mlango unaofunguliwa au risasi zinazopakiwa. Mchezaji wa mashindano atafaidika zaidi na hedifoni zenye sauti iliyosawazika.

Kitu ambacho hakiandikwi kwenye boksi ni namna hedifoni zinavyokaa kichwani. Mto unaobana, ukanda mzito au ngozi bandia inayotoa jasho huweza kumfanya mtu avue hedifoni baada ya nusu saa. Dakika chache za kuzivaa dukani, kwa anayevaa miwani akiwa nayo usoni, zina faida kuliko vipimo vyote vya karatasi.

Zenye waya au zisizo na waya?

Hedifoni zenye waya zinabaki kuwa chaguo salama kwa asiye na fedha nyingi. Hazihitaji chaji, hazicheleweshi sauti, na zile ambazo waya wake unachomoka zinaweza kudumu miaka mingi, kwa kuwa waya ndio mara nyingi hukatika kwanza.

Hedifoni za Bluetooth zina kasoro mbili kwa mchezaji. Ya kwanza ni ucheleweshaji, ambao katika vifaa vingi huzidi milisekunde 100. Mchezo unaoonyesha picha 60 kwa sekunde hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 17 hivi, hivyo sauti inayochelewa kwa milisekunde 150 hufika picha 9 zikiwa zimekwisha kupita.

Ya pili huonekana maikrofoni inapowashwa. Katika Bluetooth ya kawaida, hedifoni huhamia kwenye hali ya simu, na sauti ya mchezo hushuka ubora ghafla, ikawa kama ya mtu anayeongea kwenye simu. Mfumo mpya wa LE Audio umekusudiwa kuondoa tatizo hilo, ila ni lazima kompyuta na hedifoni vyote viwili viwe na uwezo huo.

Anayetaka kuondokana na waya atafute hedifoni zinazokuja na kifaa chake cha USB kinachotumia mawimbi ya gigahezi 2.4. Hizo huwa na ucheleweshaji mdogo zaidi. Hata hivyo, mnunuzi afahamu kwamba ndani ya hedifoni hizo tayari imo chipu ya sauti na amplifaya yake, hivyo kadi ya sauti iliyo kwenye kompyuta haitumiki kabisa. Hali ni hiyohiyo kwa hedifoni za waya wa USB. Anayenunua kadi ya gharama kisha akachomeka hedifoni za USB amepoteza fedha zake.

Lini kadi ya sauti inahitajika

Baada ya yote hayo, zipo hali nne ambazo kadi ya sauti ni ununuzi wa busara: tundu la sauti la kompyuta linapokuwa limeharibika, sauti inapokuwa na mvumo au mikwaruzo, hedifoni zinapokuwa nzito kiasi kwamba sauti haitoshi hata ikipandishwa hadi mwisho, na maikrofoni inapotoa sauti hafifu yenye kelele.

Kabla ya kutoa fedha, inafaa chanzo cha kasoro kitafutwe. Hatua ya kwanza ni kuzijaribu hedifoni hizo kwenye simu au kompyuta nyingine. Mvumo ukiendelea huko pia, kosa ni la hedifoni.

Hatua ya pili inahusu kompyuta za mezani. Tundu lililo mbele ya kasha huunganishwa na mazabodi kwa waya unaopita katikati ya vifaa vyenye umeme mwingi, na waya huo huokota kelele. Kuhamishia plagi kwenye tundu la kijani lililo nyuma ya kasha mara nyingi huondoa mvumo wote. Tundu la waridi ni la maikrofoni, na la buluu ni la kuingizia sauti kutoka kifaa kingine.

Hatua ya tatu ni kwa kompyuta mpakato. Chaja ichomolewe wakati mvumo unasikika. Ukitoweka, chanzo ni chaja au umeme wa nyumbani, na wala si chipu ya sauti.

Hatua ya nne ni kukagua plagi yenyewe. Hedifoni nyingi zina plagi moja yenye michirizi mitatu, inayobeba sauti na maikrofoni kwa pamoja, ilhali kompyuta nyingi za mezani zina matundu mawili yaliyotengana. Maikrofoni isiyofanya kazi katika hali hiyo inahitaji kigawanyio cha waya cha bei ndogo, na kadi haihitajiki.

Kasoro ikibaki baada ya hatua hizo, mnunuzi atachagua kati ya kadi ya ndani na ya nje. Kadi ya ndani hukaa kwenye nafasi ya PCI Express. Kadi za zamani za PCI haziingii kwenye nafasi hiyo, kwa hiyo kadi ya mtumba ikaguliwe kwanza. Kompyuta nyembamba zilizotoka maofisini nazo hupokea kadi fupi tu.

Kadi ya nje huchomekwa kwenye USB. Hukaa mbali na kelele za umeme zilizo ndani ya kasha, hutumika kwenye kompyuta mpakato na ya mezani, na mwenyewe akibadilisha kompyuta anaondoka nayo. Kwa wachezaji wengi hilo ndilo chaguo jepesi zaidi, na kwa hedifoni nyepesi hata kifaa kidogo chenye ukubwa wa kidole kinaweza kutosha.

Kuhusu namba zinazopamba boksi za kadi, sauti ya biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde, ambayo ni kipimo cha CD tangu mwaka 1982, tayari inafunika masafa yote ya usikivu wa binadamu na ina nafasi ya desibeli 96 kati ya sauti ndogo na kubwa. Kadi yenye sampuli 192,000 haifanyi nyayo za adui zisikike mapema zaidi.

Kinachostahili kuangaliwa ni ukinzani wa tundu la kutolea sauti. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba usizidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Kwa hedifoni za omu 32, tundu lisizidi omu 4.

Gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti

Kadi yenye amplifaya kubwa inapounganishwa na hedifoni nyepesi huweza kutoa sauti ya kudhuru kwa kusogeza kitufe kidogo tu. Hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa la fedha na kuwa la afya.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila hatari kubwa. Sauti ikipanda hadi desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa 4 kwa wiki. Kwa desibeli 100, hubaki dakika 20 hivi kwa wiki nzima. Kwa watoto, kiwango cha saa 40 ni desibeli 75.

Shirika hilo linakadiria kwamba zaidi ya vijana bilioni 1 duniani wamo katika hatari ya kupoteza usikivu kutokana na mazoea yasiyo salama ya kusikiliza. Mapitio yaliyochapishwa Januari 2024 katika jarida la BMJ Public Health yalikusanya tafiti 14 zilizohusisha zaidi ya watu 50,000 katika nchi 9, na kueleza kwamba viwango vya sauti vilivyoripotiwa kwa wachezaji wa michezo ya video mara nyingi vilikaribia au kuvuka mipaka ya usalama.

Michezo ya kurushiana risasi ina hatari ya kipekee. Mchezaji hupandisha sauti ili asikie nyayo, ambazo ni ndogo, kisha bunduki hulia karibu naye kwa sauti kubwa mara nyingi zaidi. Chembe za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikifa hazioti tena, na mlio wa kudumu masikioni huweza kubaki maisha yote.

Dawa yake si kadi kubwa zaidi. Hedifoni zilizofungwa hupunguza kelele za nje, hivyo nyayo husikika bila kupandisha sauti. Windows na baadhi ya michezo vina mpangilio wa kusawazisha sauti, unaoinua zile ndogo na kuzishusha zile kubwa, ingawa hupunguza kidogo uwezo wa kukadiria umbali.

Aidha, Shirika la Afya Duniani hushauri sauti isizidi asilimia 60 ya kiwango cha juu cha kifaa. Kipimo hicho kilikusudiwa vifaa vya kawaida, kwa hiyo mwenye amplifaya kubwa anapaswa kwenda chini zaidi. Ishara iliyo wazi ni hii: mtu aliye umbali wa mkono akiongea na mchezaji asimsikie kabisa, au masikio yakilia baada ya kuvua hedifoni, sauti imezidi.

Mpangilio wa matumizi ya fedha

Kwa muhtasari, mchezaji aanze na yasiyo na gharama: achague mahali pamoja pa kukokotoa mwelekeo, ahamishie plagi nyuma ya kasha, na apunguze kelele za chumba.

Baada ya hapo anunue hedifoni zinazokaa vizuri kichwani, zenye ukinzani ambao kompyuta yake inaumudu na zinazofaa mahali anapochezea. Azijaribu dukani kwa simu yake mwenyewe, asikilize kama kushoto na kulia vinalingana, na auvute waya taratibu karibu na plagi ili aone kama sauti inakatika.

Kadi ya sauti ije mwisho, na ije kwa sababu inayotajika kwa maneno: mvumo usioisha, tundu lililokufa, maikrofoni hafifu au hedifoni zisizopata nguvu. Asiyeweza kuitaja sababu hiyo hana haja ya kadi, na fedha yake ina kazi nyingine.